Gogo Moja na Karatasi Yake: Somo Juu ya Cheti cha Mbao



Tuseme kwamba asubuhi moja lori lasimama mbele ya shamba lako. Dalali ashuka, akuamkia kwa heshima, aitazama miti yako ya mwarobaini iliyo mpakani, kisha asema: "Mzee, miti hii yote nitakupa bei moja, pesa mkononi leo hii. Hakuna kupima, hakuna karatasi, hakuna usumbufu." Wewe una karo ya watoto, na deni la shamba bado halijaisha. Waitika. Jioni miti imekwenda, na baada ya siku tatu pesa nazo zimekwenda.

Sasa tuseme kwamba jirani yako ana miti ya namna ile ile, udongo ule ule, mvua ile ile. Yeye hakuuza kwa macho. Alipima kila gogo kwa kamba, akalitia namba, akaliandika katika kitabu, na chama chake kikatoa karatasi ifuatane na gogo hilo mpaka kwa mchongaji. Mwaka uliofuata mnunuzi yule yule alirudi kwake. Wako hakurudi, kwa kuwa hakuna jambo lililomfunga kurudi.

Miti ilikuwa sawasawa. Tofauti ilikuwa katika habari za miti hiyo. Somo letu la mwezi huu ni juu ya habari hizo: namna zinavyoandikwa, namna zinavyochunguzwa, na namna zinavyogeuka kuwa cheti kinachoaminika hata ng'ambo. Somo hili lawahusu hasa ninyi wenye mashamba ya makao, toka Magarini mpaka Mpeketoni, na ninyi wa bara pia, kwa maana mkulima wa ekari chache ndiye anayepunjwa upesi zaidi anapouza miti.

CHETI HIKI NI KITU GANI?

Katika miaka ya 1980 watu wengi wa Ulaya na Marekani walianza kuona kwamba misitu ya nchi za joto yaisha. Wengine walisema, "Basi tusinunue tena mbao za nchi hizo." Neno hilo lilikuwa na kosa moja. Aliyeiba mti msituni na aliyeupanda shambani mwake walipata hukumu moja. Tena msitu usioleta faida yo yote kwa wenyeji hufyekwa upesi, ukalimwa mahindi.

Kwa hiyo mwaka 1993 watu wa pande tatu walikutana mjini Toronto, katika nchi ya Kanada: wenye kutunza mazingira, wenye kutetea haki za wenyeji na wafanyakazi, na wafanya biashara wa mbao. Waliunda Baraza la Usimamizi wa Misitu, ambalo hujulikana duniani kwa herufi tatu, FSC. Makao yake makuu sasa yako Bonn, Ujerumani. Alama yake ni picha ya mti uliounganishwa na alama ya "sawa", kama ile ambayo mwalimu huandika penye jibu la kweli. Kuna na chama kingine, PEFC, kilichoundwa mwaka 1999, ambacho kilianza kwa ajili ya wenye misitu midogo ya Ulaya.

FSC ina kanuni kumi. Hatutaziandika zote hapa, lakini maana yake kwa mkulima ni rahisi. Fuata sheria ya nchi. Shamba liwe lako kwa haki. Mfanyakazi apate ujira wake na asiumizwe. Usiwadhulumu majirani na wenyeji. Usiharibu maji, udongo, wala viumbe. Uwe na mpango wa kazi ulioandikwa, nawe uangalie kama mpango huo wafuatwa.

Jambo moja lafaa kueleweka vizuri. Baraza lenyewe haliji kukagua shamba. Hukagua makampuni mengine yaliyopewa ruhusa ya kazi hiyo, nayo hayanunui wala hayauzi mbao zako. Mtu asijipime mwenyewe kwa mizani yake: hiyo ndiyo nguvu ya cheti.

VYETI VIWILI, SI KIMOJA

Wengi hukosea hapa. Cheti cha kwanza ni cha shamba au msitu, nacho chasema, "Miti ya hapa yatunzwa vizuri." Cheti cha pili ni cha mnyororo, yaani cha wale wote wanaoushika mti baada ya kukatwa: mwenye kiwanda cha kupasua mbao, mwenye karakana, mwenye ghala. Hicho chasema, "Mbao hizi ndizo zile zile zilizotoka kwenye shamba lile; hazikuchanganywa na nyingine."

Cheti cha shamba peke yake hakitoshi kutia alama juu ya kiti au kinyago. Ikiwa mikono minne yashika mbao na mmoja kati yao hana cheti cha mnyororo, basi alama imekufa hapo, wala haifufuki tena kwa mkono wa nne.

Juu ya kitu kilichokwisha tengenezwa utaona alama ya namna tatu. Ya kwanza yaonyesha kwamba mti wote umetoka katika misitu yenye cheti. Ya pili yaonyesha mchanganyiko unaokubaliwa. Ya tatu ni ya vitu vilivyotengenezwa kwa mabaki, kama karatasi kuukuu. Chini ya alama huandikwa namba ya leseni inayoanza kwa FSC-C na kufuatwa na tarakimu sita. Namba hiyo yaweza kutafutwa katika orodha ya Baraza iliyo wazi kwa watu wote. Mtu akikuonyesha alama bila namba, usimwamini upesi.

MFANO WA KWETU: VINYAGO VYA PWANI

Hadithi ya vinyago vya Kenya hutajwa kuanzia Wamunyu, Ukambani. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Mutisya Munge alirudi kwao kutoka Tanganyika na ufundi wa kuchonga, na ufundi huo ukaenea kwa jamaa na majirani. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika, Akamba Handicraft. Watalii walipozidi, kazi ilizidi, na jamaa nyingi zikala, zikasoma na kujenga nyumba kwa patasi na tezo.

Lakini wachongaji walipenda miti michache tu: mpingo, na hasa muhugu. Muhugu ni mti mzuri, mgumu, wenye harufu nzuri, nao hukua polepole sana. Wakatwa kwa saa moja, na mjukuu wako atazeeka kabla ya mwingine kufikia unene ule. Msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, ni mmoja katika misitu iliyoumizwa na ukataji wa muhugu. Msitu huo ni nyumba ya wanyama na ndege wasioonekana kwingi duniani, na mmoja wao ni bundi mdogo wa Sokoke. Kila muhugu ulioibwa usiku ulichukua kitu ambacho hakuna awezaye kukirudisha.

Basi hatari ilikuwa juu ya pande mbili. Msitu ulikuwa ukiisha, na pamoja nao kazi ya mchongaji. Tena wanunuzi wa ng'ambo walianza kuuliza, "Mti huu umetoka wapi?" na mchongaji hakuwa na jibu.

Jibu lilikuwa limesimama mashambani siku zote: mwarobaini. Mti huu uliletwa kutoka Bara Hindi, na watu wa Pwani waliuita hivyo kwa kuwa husemwa kwamba watibu maradhi arobaini. Hustahimili jua kali na mvua chache, hukua upesi, na kisiki chake huchipua tena kikikatwa vizuri. Wengi waliuona kuwa mti wa kivuli na wa dawa tu. Wataalamu wa mimea na mashirika ya kutunza mazingira waliwaendea wachongaji, wakawashauri kuujaribu mwarobaini, mwembe na miti mingine ya shambani, wakaiita "miti mizuri" kwa kazi hiyo. Katika miaka ya 2000 wakulima wadogo wa Pwani walijiunga pamoja, mashamba yao yakakaguliwa kwa kanuni za FSC, na vinyago vya mwarobaini vyenye alama hiyo vikapelekwa ng'ambo.

Haikuwa kazi rahisi. Mwarobaini mbichi hupasuka ukikauka upesi, hata kinyago kilichoondoka Mombasa kizima chaweza kufika nchi ya baridi kimepasuka. Ilibidi wachongaji wajifunze kukausha mbao polepole kivulini kabla ya kuchonga. Na wakulima ilibidi wajifunze kuandika. Tulitazame jambo hili la pili, maana ndilo linalotuhusu.

MFANO WA JIRANI: MPINGO WA KILWA

Kusini yetu, katika wilaya ya Kilwa, Tanzania, mpingo hukua katika misitu ya vijiji. Mti huo hutengenezewa vyombo vya muziki vya kupuliza, kama klarineti, navyo huuzwa kwa bei kubwa sana. Zamani mwanakijiji alipata senti kidogo tu kwa gogo, na faida yote ilikaa mbali. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC pamoja, kwa msaada wa shirika lililoshika cheti cha kundi zima. Vilikuwa vya kwanza katika Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili unaomilikiwa na wanakijiji wenyewe.

Mambo mawili ndiyo yaliyowafaa. Kwanza, haki yao juu ya msitu iliandikwa, hata mnunuzi akalazimika kuzungumza na kijiji badala ya kumpita. Pili, miti ilihesabiwa kabla ya kukatwa, na kiasi cha kukata kikawekwa. Mwenye kujua hesabu ya mali yake hadanganywi upesi.

KAZI YAKO: KITABU CHA MITI

Hebu tuingie shambani. Nunua daftari moja imara. Chora safu saba, nawe uandike hivi:

1. Namba ya mti. Itie kwa rangi juu ya gome, mahali palipo chini ya pale utakapokata, ili kisiki kibaki na namba yake.
2. Aina ya mti.
3. Mahali ulipo: mpakani, kando ya nyumba, au katika kipande cha miti.
4. Mwaka uliopandwa, kama wajua.
5. Mzingo wa mti kwa kimo cha kifua, yaani mita 1.3 toka chini.
6. Tarehe ya kukatwa, na jina la aliyenunua.
7. Miti uliyopanda mahali pake, au machipukizi uliyoyaacha.

Mti ukikatwa, kila gogo lipewe namba ya mti na herufi. Mti namba 14 ukitoa magogo matatu, yatakuwa 14A, 14B na 14C. Andika namba hizo kwenye ncha ya gogo. Stakabadhi iwe na nakala tatu: moja yako, moja ya chama, moja isafiri na lori.

Mkaguzi akija, atafanya jambo dogo sana. Atafungua kitabu, asome kwamba umeuza miti sita, kisha atembee shambani kuhesabu visiki. Akikuta visiki sita vyenye namba zile zile, kazi imekwisha. Akikuta visiki vinne, atauliza, "Ile miwili ilitoka wapi?" Hapo maneno mazuri hayatakusaidia.

KUPIMA GOGO KWA KAMBA

Chukua kamba ya kupimia ya fundi. Zungusha katikati ya gogo upate mzingo kwa mita. Zidisha mzingo kwa mzingo. Zidisha tena kwa urefu wa gogo. Kisha gawanya kwa 12.57. Jibu lako ni mita za ujazo.

Mfano: gogo lina mzingo wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.5. Basi 1.2 mara 1.2 ni 1.44. Mara 2.5 ni 3.6. Gawanya kwa 12.57, wapata karibu 0.29 ya mita ya ujazo.

Sasa tazama gogo jingine la urefu ule ule, lakini mzingo wake ni mita 0.6, yaani nusu ya lile la kwanza. Ukifanya hesabu utapata karibu 0.07. Unene ni nusu, lakini mbao ni robo! Ndiyo sababu dalali apenda kununua "miti yote kwa bei moja." Yeye ajua hesabu hii. Lile gogo nene moja lina mbao za membamba manne, naye amelilipia kama moja.

Hesabu hii yafundisha jambo la pili. Ukivumilia mti mpaka mzingo wake uwe mara mbili, gogo la urefu ule ule litakuwa na mbao mara nne. Akiba nyingine huliwa na panya. Hii hunenepa ukiwa umelala.

MAMBO AMBAYO MKAGUZI HUTAZAMA

Haki ya shamba. Toa hati ya shamba, au barua ya kugawiwa shamba katika makao yenu. Ikiwa mpaka una ugomvi, usikate miti ya mpakani mpaka ugomvi umekwisha.

Sheria. Kabla ya kukata na kusafirisha, nenda kwa ofisi ya misitu iliyo karibu ukaulize ni kibali gani kinachotakiwa. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 imeweka taratibu zake, na lori lisilo na karatasi laweza kuzuiwa njiani. Kumbuka kwamba mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, na wenye viwanda wakageuza macho kutazama miti ya mashambani. Wakati kama huo ndipo mwizi naye hujifanya mkulima. Karatasi yako ndiyo inayokutenga naye.

Maji na udongo. Acha miti na majani kando ya mto na chemchemi. Usiburute magogo katika mifereji ya maji wakati wa masika.

Watu. Anayeshika msumeno wa injini awe amefundishwa, naye avae viatu vigumu na kofia ya kukinga kichwa. Watoto wawe shuleni. Ujira ulipwe kama mlivyopatana, na uandikwe.

Dawa. Kuna dawa za wadudu na magugu ambazo FSC imezikataza kwa sababu ya ukali wake. Uliza chama chako kabla ya kununua. Makopo matupu yasitumiwe kuchotea maji.

Msitu wa asili. Usifyeke kichaka cha asili ili upande miti ya biashara ukidhani utapata cheti. Kwa kanuni za FSC, shamba la miti lililofanywa kwa kufyeka msitu wa asili baada ya 31 Desemba 2020 kwa kawaida halikubaliwi. Tarehe hiyo hiyo imewekwa katika sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya bidhaa zinazotoka mahali palipokatwa misitu. Sheria hiyo haihusu mbao tu, bali na kahawa pia. Kwa hiyo mwenye kahawa naye asome somo hili mara mbili.

KWA NINI CHAMA?

Mtu mmoja mwenye ekari kumi hawezi kulipa mkaguzi peke yake. Gharama ingemeza miti yote. Kwa sababu hiyo FSC yaruhusu cheti cha kundi, na kuna kanuni zilizorahisishwa kwa misitu midogo. Cheti hushikwa na msimamizi wa kundi, kwa mfano chama cha ushirika. Msimamizi huandika wanachama, huwafundisha, na kuwatembelea. Mkaguzi wa nje huja angalau mara moja kwa mwaka, naye hachagui kila shamba, bali baadhi. Cheti hudumu miaka mitano, kisha ukaguzi mkubwa hufanywa upya.

Kosa dogo hupewa muda wa kurekebishwa, kwa kawaida mwaka mmoja. Kosa kubwa hupewa miezi mitatu. Lisiporekebishwa, cheti husimamishwa.

Na hapa ndipo penye hatari, wakulima. Tuseme mwanachama mmoja, kwa tamaa ya shilingi chache, apokea gogo la muhugu lililoibwa usiku, alitia namba ya mwarobaini wake, alipakia pamoja na magogo ya chama. Gogo hilo moja laweza kuangusha cheti cha watu wote. Mjane aliyepanda miche yake kwa jembe na kuimwagilia maji ya kichwani atakosa soko kwa dhambi ya mtu ambaye labda hamjui. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa hiyo katiba ya chama iseme wazi mwanachama wa namna hiyo atafanywa nini, na neno hilo lisomwe mbele ya watu wote kabla mtu ye yote hajatia sahihi.

TUSEME UKWELI JUU YA FAIDA

Wengine watakuambia kwamba ukipata cheti, bei itapanda kesho. Usikubali maneno hayo. Cheti si ahadi ya bei. Mahali pengine mnunuzi huongeza bei; mahali pengine haongezi cho chote, ila hununua kwako badala ya kununua kwa mwingine. Imetokea pia kwamba kundi limepata cheti kwa msaada wa shirika, na msaada ulipokwisha, cheti nacho kikaisha kwa kuwa hakuna aliyeweka akiba ya ukaguzi. Kabla ya kuanza, chama kiulize mambo matatu. Je, kuna mnunuzi anayetaka mbao zenye cheti? Tutatoa kiasi gani kwa mwaka bila kumaliza miti? Nani atalipa mwaka wa pili, na wa tatu?

Ikiwa majibu bado hayajapatikana, msikate tamaa, wala msikimbilie cheti. Anzeni na kitabu. Kitabu cha miti chagharimu bei ya daftari tu. Kitakusaidia kuuza kwa kipimo, kujua mali yako, kumwonyesha afisa kwamba gogo ni lako, na kumgawia mtoto urithi bila ugomvi. Na siku mnunuzi wa vyeti atakapokuja, hamtaanza kutafuta kumbukumbu za miaka iliyopita. Zitakuwa tayari juu ya meza.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya katika baraza la chama, mtu mmoja asome na wengine wajibu.

Swali: Mchongaji ananunua mwarobaini kwa mkulima mwenye cheti, lakini karakana yake haina cheti cha mnyororo. Je, aweza kutia alama?
Jibu: La. Mnyororo umekatika kwake.

Swali: Gogo lina mzingo wa mita 1 na urefu wa mita 3. Mbao ni kiasi gani?
Jibu: 1 mara 1 mara 3 ni 3. Gawanya kwa 12.57, wapata karibu 0.24 ya mita ya ujazo.

Swali: Nimepoteza stakabadhi ya magogo mawili. Nifanye nini?
Jibu: Mwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Nakala yake ipo. Usiandike nyingine kwa kukisia.

Swali: Nimekata mti namba 9, nao hauchipui. Naweza kuufuta kitabuni?
Jibu: Usifute kamwe. Andika kwamba kisiki kimekufa, kisha uandike miche uliyopanda mahali pake.

Swali: Dalali ataka miti yote kwa bei moja. Nimjibu nini?
Jibu: Mkaribishe, mpe maji ya kunywa, kisha ukalete kamba.

Mvua za masika zinapokaribia, kabla ya kutafuta miche mipya, zunguka shamba lako na daftari mkononi. Anza kwenye pembe ya kwanza ya mpaka. Andika: mti namba 1.